Kikosi cha Ndoto cha Afrika Mashariki Dhidi ya Senegal ya 2019: Nani Aanze, na kwa Mfumo Gani?

Swali: Mwalimu, sisi wapenzi wa soka hapa Mwanza tumejiwekea mchezo wa kupanga kikosi kimoja cha ndoto kutokana na wachezaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi waliokuwa Misri kwenye AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2019, na mpinzani tuliyemchagua ni Senegal ya mwaka huo huo. Mimi nimepanga 4-2-4: Onyango langoni, mabeki Kessy, Okumu, Yondani na Gadiel, katikati Wanyama na Ntibazonkiza, mbele Msuva, Samatta, Olunga na Okwi. Berahino nimemweka benchi kwa shingo upande. Wenzangu wanasema kikosi hiki kitapigwa mabao matano. Je, wana haki? Wewe ungepangaje?

Jibu: Ndugu msomaji, wenzako huenda wametia chumvi katika idadi ya mabao, lakini tatizo wameliona. Kikosi chako kina majina yanayomfurahisha kila shabiki wa ukanda wetu, nami sikulaumu kwa kutamani Samatta, Olunga, Okwi na Msuva wawe uwanjani kwa wakati mmoja. Hata hivyo, mpinzani mliyemchagua hana huruma na timu inayokatika katikati. Jambo hilo hatuna haja ya kulikisia, kwa sababu Senegal ilikutana na timu tatu kati ya hizi nne katika mashindano yale yale. Tanzania ilifungwa 2-0 na Kenya 3-0 katika makundi, kisha Uganda ikafungwa 1-0 katika hatua ya kumi na sita bora. Burundi pekee ndiyo haikukutana nayo. Tunazo basi mechi tatu za kujifunzia, na ni vyema kuzisoma kabla ya kutaja jina la mchezaji yeyote.

Tazama dakika za mabao. Tanzania ilifungwa dakika ya 28 na ya 64, katika mechi ambayo nyota wa Senegal, Sadio Mané, hakucheza kwa kuwa alikuwa anatumikia adhabu, na bila kazi kubwa ya Aishi Manula langoni mabao yangeongezeka. Kenya ilisimama imara kwa saa nzima, huku kipa wake Patrick Matasi akipangua penalti ya Mané, lakini Ismaïla Sarr alipofunga dakika ya 63 ukuta uliachia, na Mané akaongeza mawili dakika ya 71 na ya 78. Uganda ilifungwa mapema, dakika ya 15, na mfungaji alikuwa Mané huyo huyo, kisha haikufungwa tena hadi mwisho, na Denis Onyango naye akaokoa penalti ya Mané katika kipindi cha pili. Mimi nayasoma matokeo haya kwa namna mbili. Kwanza, miguu ya timu zetu huanza kuwa mizito saa moja ya mchezo inapotimia, hasa miguu ya wachezaji wa pembeni wanaolazimika kukimbizana na Mané na Sarr. Pili, timu iliyopunguza hasara kuliko zote ni ile ambayo mabeki wake na viungo wake walikuwa wamezoeana kwa muda mrefu.

Sasa kikosi chako. Katika 4-2-4 uliyoipanga, Wanyama anabaki peke yake dhidi ya Idrissa Gana Gueye, Badou Ndiaye na kiungo wa tatu atakayechaguliwa na kocha wao Aliou Cissé, kwa maana Saido Ntibazonkiza ni mshambuliaji kwa asili yake, na kumtaka apore mipira miguuni mwa Gueye ni kumnyima kile anachokijua na kumpa asichokijua. Mpira ukipotea mbele, Msuva na Okwi watakuwa wako juu kabisa, Hassan Kessy atabaki yeye na Mané, na Gadiel Michael atabaki yeye na Sarr. Hakuna beki wa pembeni barani Afrika mwaka 2019 ambaye ningethubutu kumwacha hivyo kwa dakika tisini. Isitoshe, washambuliaji wanne hawana faida iwapo mpira hauwafikii, na katikati mwa timu yako hakuna mtu wa kuupeleka.

Kanuni ninayoifuata katika kupanga timu ya ndoto ni hii: timu ya namna hiyo haina muda wa mazoezi, kwa hiyo usikusanye wachezaji kumi na mmoja walio bora mmoja mmoja, kusanya vipande vya timu vilivyokwisha kuzoeana, kisha ushughulikie viungio tu. Beki wa kati na mwenzake, beki wa pembeni na winga aliye mbele yake, kiungo na mshambuliaji anayempa pasi: mahusiano hayo hujengwa kwa miezi na miaka, na mwalimu mwenye wiki moja kambini hawezi kuyatengeneza upya. Anachoweza kufanya ni kuunganisha kipande na kipande.

Ndiyo maana safu yangu ya ulinzi naichukua nzima kutoka Uganda, yaani Onyango langoni, Nicholas Wadada beki wa kulia, Murushid Juuko na Hassan Wasswa katikati, na Godfrey Walusimbi kushoto. Huu ndio ukuta ulioanza dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mechi ambayo Uganda ilishinda 2-0. Katika kufuzu, Uganda ilicheza mechi tano za mwanzo bila kuruhusu bao hata moja. Najua msomaji wa Mwanza atanikumbusha Machi 24, 2019, pale Dar es Salaam, Taifa Stars ilipoifunga Uganda hiyo hiyo 3-0 na kufuzu kwa mara ya kwanza tangu 1980. Ulikuwa ushindi wa haki na wa kukumbukwa, lakini Uganda ilikuwa imekwisha kufuzu tangu Novemba, na mechi ya timu isiyo na cha kupoteza siitumii kupima ukuta wake.

Uamuzi mgumu zaidi hapa ni kumwacha Joseph Okumu. Kama mchezaji mmoja mmoja, yeye ndiye beki wa kati niliyempenda kuliko wote katika timu nne za ukanda wetu kwenye mashindano yale: mrefu, mtulivu, hana pupa, na pasi yake ya kwanza inatoka safi. Klabu za Ulaya ziliona hivyo pia, kwa sababu mwaka huo huo alihamia Elfsborg ya Uswidi, kisha akaenda Gent ya Ubelgiji na Reims ya Ufaransa. Hata hivyo, kumweka Okumu kati ya Wadada na Wasswa, watu ambao hajacheza nao, mbele ya mshambuliaji mwenye mwendo wa Mané, ni kuanzisha mazungumzo mapya mahali ambapo kosa la hatua mbili linakuwa bao. Ukuta wote hupanda na kushuka kwa ishara ya mtu mmoja, na Juuko na Wasswa walikuwa wameifanya kazi hiyo pamoja mbele ya Onyango kwa kipindi kirefu. Okumu anakaa benchi, na ndiye wa kwanza kuingia endapo beki wa kati ataumia.

Katikati naweka viungo wakabaji wawili, Khalid Aucho upande wa kushoto na Victor Wanyama upande wa kulia. Wapo watakaosema hawa ni namba sita wawili na kwamba timu itakosa ubunifu. Jibu langu ni kwamba dhidi ya Senegal ile mpira haupiti katikati kwa pasi fupi fupi, hata ungekuwa na mbunifu wa namna gani, kwa sababu Gueye anapora mipira eneo lote lile. Kazi ya Aucho na Wanyama ni kulifunga eneo hilo kwa wapinzani na kuokota mipira inayodondoka. Wanyama alitoka katika msimu wa majeraha ya goti, lakini Mei mwaka huo alianza katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya pale Amsterdam, Tottenham ilipoitoa Ajax, kwa hiyo kiwango chake cha juu hakikuwa mbali. Sharti nililowapa wote wawili ni moja: mmoja akipanda, mwingine anabaki mbele ya Juuko na Wasswa. Mpira ukiwa upande wa Mané, Wanyama ndiye anayetoka kwenda kusaidia na Aucho anaziba pengo. Ukiwa upande wa Sarr, wanabadilishana.

Aucho namweka kushoto kwa sababu ya watu wawili. Nyuma yake kushoto yuko Walusimbi na mbele yake kushoto atakuwa Michael Olunga, na hao watatu walikuwa pamoja Gor Mahia mwaka 2015, mwaka ambao klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Kenya bila kupoteza mchezo hata mmoja. Hapo tumepata mstari mzima wa upande wa kushoto, beki, kiungo na mshambuliaji, ambao wameshawahi kucheza pamoja wiki baada ya wiki. Mtu akiangalia bendera tu ataona Waganda wawili na Mkenya mmoja, lakini uwanjani hao ni watu wa nyumba moja. Lugha nayo haitatusumbua, kwa maana Juuko alikuwa mchezaji wa Simba, Wadada alikuwa Azam, na Aucho na Walusimbi walikwisha kuishi Nairobi. Maelekezo ya uwanjani yanaweza kwenda kwa Kiswahili tangu dakika ya kwanza.

Kiungo wa kushoto ni Farouk Miya. Huyu usimtazamie kama winga wa kukimbia mstarini. Nataka acheze akiwa ameingia ndani kidogo, awe mtu wa tatu katikati pale Senegal wanapotuzidi idadi, na mpira ukiwa mbali arudi kusimama mbele ya Walusimbi. Sababu ya pili ya kumchagua ni mguu wake katika mipira iliyotengwa, jambo nitakalolirudia hivi punde.

Kulia ni Simon Msuva, na hapa ndipo Okwi anapokosa nafasi. Emmanuel Okwi alifunga mabao mawili Misri, dhidi ya Kongo na dhidi ya Zimbabwe, na kwa kipaji cha kumvuka mtu ana kwa ana simwoni wa kumpita katika kikosi chetu. Lakini kiungo wa kulia katika mechi hii ana kazi ya kwanza ya kumsaidia Wadada dhidi ya Mané, na kazi hiyo hudai mtu anayegeuka na kurudi mbio mara tu mpira unapopotea, kila mara, bila kusubiri kukumbushwa. Msuva anao moyo huo na mapafu yake yanamruhusu. Okwi atakuwa na thamani kubwa zaidi saa moja itakapopita, mabeki wa Senegal wanapokuwa wamechoka, kuliko akianza na kutumia nguvu zake kumfukuza Mané kuelekea lango letu.

Mbele ni Mbwana Samatta na Olunga, wote wawili. Hapa tunakubaliana, ingawa si kwa namna ulivyowapanga. Samatta alifika Misri akiwa bingwa wa Ubelgiji na Genk, akiwa na mabao 23 ya ligi msimu huo. Watu wengi huuliza kama wawili hawa wanaweza kukaa pamoja kwa kuwa wote ni namba tisa, yaani washambuliaji wa kati. Mimi naona wanatofautiana vya kutosha. Olunga hutaka mpira mbele yake, mrefu, ulio upande wa mguu wake wa kushoto, autumie mwili wake kumzuia beki; Samatta hujua kurudi nyuma hatua kumi, kupokea akiwa ameupa lango mgongo, kugeuka na kufika tena kwenye boksi kwa kuchelewa. Kumbuka mechi ya Juni 27 kati ya Kenya na Tanzania, iliyokwisha 3-2 kwa faida ya Kenya. Olunga alifunga mawili, la kwanza kwa kujipindua hewani na kuupiga mpira uliorudi, na dakika moja tu baadaye Samatta akaiweka Tanzania mbele tena. Mechi ile ile, dakika ya sita, Samatta alipiga shuti lililomshinda Matasi kulidaka, na aliyekuwa wa kwanza kuufikia mpira uliotemwa alikuwa Msuva, ambaye hakusimama kutazama shuti lilipoelekea. Huo ndio uhusiano ninaoutaka upande wa kulia: Samatta akipiga, Msuva tayari yuko njiani.

Sasa namna ya kuwatumia. Senegal ilimpoteza Salif Sané kwa jeraha katika mechi ya kwanza, na Cheikhou Kouyaté, ambaye kwa kawaida ni kiungo, akashushwa kucheza beki wa kati pamoja na Kalidou Koulibaly. Koulibaly husimama upande wa kushoto wa ukuta wao na Kouyaté upande wa kulia. Kwa hiyo Olunga asimame kwa Kouyaté, upande wetu wa kushoto, ambako mguu wake wa kushoto unamtazama Walusimbi na Aucho wanaojua mpira anaoupenda. Samatta aanze upande wa Koulibaly, lakini asibaki hapo. Senegal wakiwa na mpira, yeye anashuka na kusimama juu ya Gueye ili mabeki wao wasipate njia rahisi ya kumpa pasi. Tukiupata mpira, anakuwa tayari yuko katika eneo lililo mbele ya Koulibaly. Hapo beki huyo anapaswa kuchagua: akimfuata, nyuma yake kunabaki uwazi ambao Msuva ataukimbilia, akibaki, Samatta anapata nafasi ya kugeuka. Koulibaly ni beki bora kuliko wote katika bara kwa wakati huo, na njia ya kumpunguza nguvu ni kumlazimisha afanye uamuzi kila dakika, wala si kumpelekea mapambano ya mabega anayoyapenda.

Kwa jumla basi huu ni mfumo wa 4-4-2 unaosubiri katikati ya uwanja. Hatuwabughudhi mabeki wao wanapopasiana kwao. Tunaanza kukaba mpira unapofika mstari wa kati, na umbali kati ya mabeki wetu na viungo wetu usizidi mita 12 hivi. Onyango asilazimishwe kuanza kwa pasi fupi kwa ajili ya mapambo. Mpira mrefu kwenda kwa Olunga, upande wa Kouyaté, huku Miya na Aucho wakiwa chini yake na Samatta akiwa pembeni yake kuwania mpira wa pili, ndiyo njia yetu ya kwanza ya kutoka nyuma. Njia ya pili ni Wadada kumpa Msuva mapema, kabla beki wao wa kushoto, Youssouf Sabaly, hajarudi kutoka kushambulia.

Silaha kubwa kuliko zote, na ambayo kikosi chako cha 4-2-4 hakikuipa uzito, ni mipira iliyotengwa. Mabao yote mawili ya Uganda dhidi ya Kongo, la Patrick Kaddu na la Okwi, yalikuwa ya vichwa kutokana na mipira ya Miya. Bao la pili la Kenya dhidi ya Tanzania, la Johanna Omolo, lilikuwa kichwa pia. Wanyama mwenyewe aliifunga Barcelona kwa kichwa kutokana na kona akiwa na Celtic, Novemba 2012. Katika kikosi hiki, kona ya Miya itawakuta Wanyama, Olunga, Samatta, Juuko na Wasswa. Ningempeleka Wanyama nguzo ya karibu kumvuta Koulibaly, Olunga akaanzia nyuma kabisa ya kundi na kulikimbilia lango mpira unapopigwa, na Samatta akabaki mbele ya kipa. Wadada na Aucho wasipande, kwa sababu shambulizi la kushtukiza la Mané baada ya kona yetu ndilo bao linalonitisha kuliko yote.

Utaniuliza Burundi wako wapi. Swali ni la haki, na sijagawa nafasi kwa bendera. Intamba mu Rugamba ilifuzu bila kupoteza mechi katika kundi lenye Mali na Gabon, na kule Misri ikafungwa 1-0 na Nigeria na 1-0 na Madagaska kabla ya Guinea kuifunga 2-0. Ilikuwa timu yenye nidhamu iliyokosa mabao. Saido Berahino anafanana mno na kazi ya Samatta na hana mzoeano na yeyote kati ya kumi na mmoja wangu. Ntibazonkiza ndiye ninayemhitaji, na nafasi yake iko wazi, kama nitakavyoeleza.

Mwaka 2019 kila timu iliruhusiwa kubadilisha wachezaji watatu katika dakika tisini, kwa hiyo mabadiliko yapangwe kabla ya mechi. Kwa kuwa Kenya na Tanzania zilifungwa dakika ya 63 na ya 64, mimi sisubiri hadi hapo. Dakika ya 58 anatoka Msuva, ambaye atakuwa amekimbia kuliko wote, na anaingia Okwi iwapo tunahitaji bao, au Erasto Nyoni iwapo tunaongoza, Nyoni akicheza beki wa kulia na Wadada akisogea mbele. Dakika ya 70 Ntibazonkiza anachukua nafasi ya Miya, ili mipira iliyotengwa ibaki na mtu anayeijua. Badiliko la tatu nalificha hadi mapumziko ya pili ya kunywa maji, yaliyowekwa dakika ya 75 katika mashindano yale kwa sababu ya joto la Misri, kwa kuwa hapo mwalimu anapata dakika tatu za kuzungumza na timu nzima. Tukiongoza, Himid Mao anaingia kwa Samatta na tunabaki na viungo watatu. Tukiwa nyuma, Ayub Timbe anaingia kwa Walusimbi na tunacheza na mabeki watatu, Wadada akisimama kulia kwa Juuko.

Unahodha nampa Onyango, ingawa Wanyama na Samatta nao walikuwa manahodha wa nchi zao, kwa sababu yeye ndiye anayeuona uwanja wote na sauti yake ndiyo iliyozoeleka na wanne walio mbele yake. Mechi ikifika kwenye penalti, hata kama Matasi naye aliokoa mkwaju wa Mané mwaka huo, simtoi Onyango. Wapigaji wangu ni Samatta, Wanyama, Ntibazonkiza na Olunga, na wa tano ni Nyoni, aliyefunga kwa penalti katika ile 3-0 ya Dar es Salaam, endapo atakuwa ameingia. Asipokuwapo, ya tano apige Okwi au Aucho.